Y2K: Kiyama cha kompyuta kilivyoipita Lamu

USIKU wa Ijumaa, Desemba 31, 1999, sehemu kubwa ya dunia ilikesha ikisubiri mambo mawili: fataki na maafa. Ilikuwa imeonywa kwamba saa sita ikigonga, kompyuta zilizozoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili zingeudhania mwaka 2000 kuwa 1900, na kwamba benki, mitambo ya umeme, simu na ndege vingeweza kukwama kwa pamoja.

Katika visiwa vya Lamu watu walikesha pia, lakini kwa sababu nyingine. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, mwaka 1420 wa Hijria, na kumi la mwisho lilikuwa limeingia. Waliokuwa misikitini usiku huo walikuwa wakiitafuta Lailatul Kadri, wala si mwisho wa kompyuta.

Zaidi ya robo karne imepita tangu usiku huo, na wengi huukumbuka kwa kicheko. Hata hivyo, hofu ile ina mafunzo ambayo ni ya faida zaidi kwa Lamu ya leo kuliko Lamu ya wakati ule. Makala haya yanaeleza hitilafu hiyo ilikuwa nini, kwa nini visiwa hivi havikutikisika, na kwa nini visijione salama milele.

Chanzo cha hitilafu

Kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na nafasi ndogo mno ya kuhifadhi habari, na nafasi hiyo ilikuwa ghali. Habari nyingi ziliingizwa kwa kadi za kutobolewa zenye safu 80 pekee. Ili kubana matumizi, waandishi wa programu waliandika mwaka kwa tarakimu mbili: 1965 ikawa 65.

Hapakuwa na ujinga wowote katika uamuzi huo. Wengi waliamini kwamba programu zao zingestaafishwa kabla ya karne kwisha. Badala yake, programu mpya zilijengwa juu ya zile za zamani, kama nyumba inayoongezwa ghorofa bila msingi kuchunguzwa.

Matokeo yake ni kwamba mtu aliyezaliwa mwaka 65 angehesabiwa umri wake kwa kutoa 65 katika 00, na jibu likawa kichekesho au balaa. Mkopo ungeonekana umecheleweshwa kwa karne nzima. Dawa iliyotengenezwa juzi ingehesabiwa kuwa imeharibika zamani.

Palikuwa na mtego wa pili. Katika kalenda ya kawaida, mwaka wa mwisho wa karne hauwi mwaka mrefu wenye Februari ya siku 29, isipokuwa unapogawanyika kwa 400. Mwaka 1900 haukuwa mrefu. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu. Programu zilizojua nusu ya kanuni hiyo zingekosea tena Februari 29.

Mnamo 1993 mtaalamu Peter de Jager alichapisha katika gazeti la Computerworld onyo lililosikika kote. Mwishoni mwa 1998 Umoja wa Mataifa uliwakutanisha waratibu wa nchi mbalimbali, na mapema mwaka 1999 kikaundwa kituo cha kimataifa cha kushughulikia suala hilo kwa msaada wa Benki ya Dunia. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba dunia ilitumia kati ya dola bilioni 300 na 600 kusahihisha kompyuta zake.

Lamu ya mwaka 1999

Wakati huo Lamu ilikuwa wilaya katika Mkoa wa Pwani. Umeme wa mji ulitoka kwa jenereta za dizeli ambazo hazikuunganishwa na gridi ya taifa. Injini ya dizeli ya kawaida hudai mafuta na fundi, haiulizi mwaka.

Mizigo ilibebwa na punda katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Safari za baina ya Lamu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu zilikuwa za mashua, majahazi na boti za injini. Aliyetaka kujua kama bahari inapitika alitazama upepo, maji kujaa na maji kupwa.

Simu za mkononi zilikuwa bado anasa ya wachache nchini. Safaricom na KenCell zilianza kusambaza huduma zao kwa kishindo mwaka 2000. Telkom Kenya yenyewe ilizaliwa mwaka 1999, baada ya shirika la posta na simu kugawanywa.

Si kwamba visiwa hivi vilikuwa nje ya dunia. Mishahara ya walimu na watumishi wa serikali ilitayarishwa kwa kompyuta jijini Nairobi. Mafuta ya jenereta na unga wa ngano vilitoka bara, na watalii walifika kwa ndege zilizoongozwa kwa mitambo ya kisasa. Lakini mkono wa kompyuta ulifika Lamu kwa umbali, na pengo lake lingechukua siku kadhaa kuhisika.

Kalenda tatu katika mji mmoja

Sababu nyingine ya utulivu huo haikuhusu mitambo. Tarakimu 2000 iliyowatisha wengi ni ya kalenda moja tu, na watu wa visiwa hivi wamezoea kuishi na zaidi ya moja.

Ofisi na shule hufuata kalenda ya Januari hadi Desemba. Ibada hufuata mwaka wa Hijria, ambao huenda na mwezi na una siku 354 au 355; ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka.

Ya tatu ni kalenda ya Nairuzi, yaani mwaka wa jua wa wakulima na mabaharia wa Uswahilini. Huo una siku 365 zinazohesabiwa kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Ndani yake mna miongo 36 na siku tano za kuukamilisha mwaka. Kwa hesabu hiyo wazee walijua majira ya kaskazi na kusi, wakati wa kupanda na wakati wa kuipandisha mashua pwani.

Nairuzi haina mwaka mrefu. Kwa hiyo kila baada ya miaka minne husogea nyuma kwa siku moja ikilinganishwa na kalenda ya ofisini. Kasoro hiyo inafanana na ile iliyowatia kiwewe wenye kompyuta, ila huku ilijulikana, ikakubaliwa na kurekebishwa kwa akili ya mtumiaji.

Hata saa sita ya usiku, iliyongojewa kwa hofu London na New York, si mwanzo wa siku kwa hesabu ya Waswahili. Siku huanza jua linapotua. Kwa hesabu hiyo, Jumamosi ya Januari 1, 2000, ilikwisha kuingia tangu adhana ya magharibi, saa kadhaa kabla ya fataki.

Siku yenyewe

Kwa kuwa dunia ni mviringo, mwaka mpya haukuingia kwa pamoja. New Zealand ilivuka ikiwa saa 8 mchana kwa saa za Kenya, muda mfupi baada ya sala ya Ijumaa. Japani ilivuka saa 12 jioni, Lamu ikiandaa futari. Saa sita ya usiku ilipoifikia Kenya, nusu ya mashariki ya dunia ilikuwa imepita salama na dalili zilionyesha kwamba kiyama kimeahirishwa.

Hitilafu zilikuwapo, ingawa nyingi zilikuwa ndogo. Nchini Japani, vifaa vya kupima mnururisho katika mtambo wa nyuklia wa mkoa wa Ishikawa vilikwama, bila ya madhara. Nchini Marekani, jeshi lilipoteza kwa muda uwezo wa kusoma habari kutoka kwa baadhi ya satelaiti zake za ujasusi. Taasisi ya taifa hilo inayotunza saa rasmi ilionyesha mwaka 19100 katika ukurasa wake wa intaneti.

Lililoumiza zaidi lilijificha. Mjini Sheffield, Uingereza, kompyuta ya maabara ya hospitali iliendelea kwa miezi kadhaa mwaka 2000 kukosea umri wa akina mama wajawazito waliopimwa uwezekano wa watoto wao kuzaliwa na ugonjwa wa Down. Zaidi ya wanawake 150 walipewa majibu yasiyo sahihi. Hapakuwa na mlipuko wala king'ora, bali karatasi tu zenye nambari zisizo kweli mikononi mwa watu waliozitegemea.

Je, yalikuwa maneno matupu?

Baada ya Januari 2000, wengi walidai kwamba dunia ilitapeliwa. Mabilioni ya dola yalitumika, walisema, kuzuia jambo ambalo halikutokea.

Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba wapo waliofanya biashara ya hofu, wakauza vitabu na vyakula vya akiba. Ni kweli pia kwamba nchi zilizotumia fedha kidogo hazikuangamia, kwa sababu mambo mengi humo yaliendeshwa kwa mikono na makosa yaliyojitokeza yalisahihishwa papo hapo. Lamu ni mfano wa hali hiyo.

Lakini mafundi wa mashua wa Matondoni wangeijibu hoja hiyo kwa urahisi. Kila mashua hupandishwa pwani, mianya ya mbao zake ikakalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na tumbo lake likapakwa shahamu. Mashua hiyo ikisafiri hadi Kiwayu na kurudi bila ya kuzama, hakuna abiria anayesema kwamba kazi ya kukalafati ilikuwa ya bure.

Waandishi wa programu waliofanya kazi hiyo miaka ya 1997 hadi 1999 walisoma mistari ya programu kwa mamilioni, mmoja baada ya mwingine, wakitafuta mahali palipoandikwa mwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao waliuziba ufa, na hakuna aliyeuona ukuta ambao haukuanguka.

Wanaoitaja tarehe ya kiyama

Hofu ya kompyuta haikutembea peke yake. Ilichanganyika na hofu kongwe zaidi, ya watu wanaodai kuujua mwisho wa dunia, na pwani ya Afrika Mashariki inaifahamu vyema.

Mnamo 1908, barua iliyodaiwa kutoka kwa Sheikh Ahmad, mtunzaji wa kaburi la Mtume mjini Madina, ilienea Lindi na sehemu nyingine za Tanganyika. Iliwaonya Waislamu kwamba mwisho umekaribia. Wakoloni wa Kijerumani, waliokuwa wametoka kuuzima uasi wa Maji Maji, waliishuku kuwa uchochezi. Barua ya Sheikh Ahmad ni ya zamani kuliko mwaka huo, na imeendelea kunakiliwa kwa mkono, kwa fotokopi na kwa simu, ikimwahidi heri anayeisambaza na kumtisha anayeipuuza. Wanazuoni, akiwamo Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia, wameikanusha.

Kalenda ya Hijria nayo haikusalimika. Siku karne ya 15 ya Hijria ilipoingia, Novemba 1979, kundi la Juhayman al-Otaybi liliuvamia Msikiti Mtakatifu wa Makka na kumtangaza mmoja wao kuwa Mahdi. Mapigano yaliyofuata yalichukua takribani wiki mbili na mamia wakafa.

Msiba mkubwa zaidi unaohusiana na mwaka 2000 wenyewe ulitokea Uganda. Katika eneo la Kanungu, kundi lililoongozwa na Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliwafundisha wafuasi kwamba dunia ingekwisha Desemba 31, 1999. Wengi waliuza mali zao. Siku ilipopita, tarehe ilisogezwa mbele. Machi 17, 2000, mamia waliteketea ndani ya kanisa lililofungwa, na miili mingine ikafukuliwa baadaye katika makazi ya kundi hilo. Jumla ya vifo ilipita 700, wakiwamo watoto wengi.

Kwa hiyo mwaka 2000 uliua watu wengi Afrika Mashariki, ila si kwa kompyuta. Waliokufa waliamini kwamba kuna binadamu aliyekabidhiwa ratiba ya Mungu.

Waliodhani kwamba Kanungu ilikuwa ya zamani walishtuka Aprili 2023, makaburi yalipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kusini mwa Lamu. Zaidi ya miili 400 ilipatikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, baada ya kuhimizwa wafunge chakula ili wamlaki Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa pamoja na wenzake, nao wakakana mashtaka.

Ni muhimu kukumbuka kwamba Uislamu na Ukristo vyote hufundisha kuwa saa ya Kiyama haijui yeyote ila Mungu. Mwenye kuitaja tarehe anakwenda kinyume na dini anayodai kuihubiri. Na dalili ya hatari ni rahisi kuitambua: tarehe ikishatajwa, anayesikiliza huombwa auze mali, awatoe watoto shule au ahame jamaa zake.

Majanga yasiyotangaza siku

Visiwa vya Lamu vina ushahidi wa aina nyingine ya mwisho. Mji wa Takwa kisiwani Manda uliachwa katika karne ya 17. Shanga, kisiwani Pate, ulikuwa umeachwa kitambo kabla yake. Mji wa Pate, uliokuwa na fahari na nguvu, ulififia kwa vita na fitina za miaka mingi, na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir akautungia Al-Inkishafi, utenzi unaoyatazama magofu yake na kuipa nafsi nasaha.

Hakuna hata mmoja wa miji hiyo uliokufa saa sita ya usiku. Ilikufa polepole, watu wakiendelea kupika, kuoana na kugombana.

Miaka ileile ya hofu ya kompyuta ilithibitisha jambo hilo. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya pwani ya Kenya, hadi Kiunga, yakababuka na kufa kwa wingi; wavuvi walipata hasara ambayo haikutangazwa kwa fataki. Mwaka 2000 Kenya iliingia gizani kwa mgao mkali wa umeme, na sababu ilikuwa ukame uliokausha mabwawa, si tarakimu mbili. Desemba 26, 2004, tsunami iliyoanzia Indonesia ilifika pwani ya Kenya. Kwa kuwa habari zilitangulia, watu waliondolewa ufuoni na vifo havikuwa vingi kama kwingineko.

Lamu ya leo na Januari 2038

Kinga iliyoiokoa Lamu mwaka 2000, yaani kutokuwa na kompyuta nyingi, haipo tena.

M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo mvuvi hulipwa na kulipa kwa simu. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Umeme wa dizeli ulibadilishwa na njia ya gridi kutoka Rabai. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 20, 2021. Manahodha wengi wanaongozwa na vifaa vya satelaiti badala ya nyota pekee.

Kila kimoja kati ya hivyo ni neema, na kila kimoja ni kamba nyingine inayoifunga Lamu na mitambo ya mbali. Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi kwa wakati mmoja. Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini zilikatika karibu na Afrika Kusini na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Julai 19 mwaka huohuo, kosa katika programu ya kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizimisha kompyuta takribani milioni 8.5 duniani na kukwamisha ndege na hospitali. Hakuna nabii aliyeitaja siku hiyo.

Tarehe inayojulikana ipo, na inastahili kuandikwa. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Ile ya zamani, yenye nafasi ndogo ya kuhifadhi hesabu hiyo, itajaa sekunde ya 2,147,483,647 ikifika: Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Kenya. Isiporekebishwa, itarudi hadi Desemba 13, 1901, mwezi ambao reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu.

Kompyuta nyingi mpya zimekwisha kurekebishwa. Wasiwasi uko kwenye vifaa vidogo vinavyosahaulika: mita, pampu, vidhibiti vya mitambo na mashine za hospitali, hasa vile vinavyonunuliwa vikiwa vimetumika na kuachwa vifanye kazi hadi vife.

Jambo la kufanya si la ajabu. Ni kuorodhesha vifaa hivyo, kuuliza wauzaji kama vinajua kuhesabu kupita mwaka 2038, kutunza nakala za kumbukumbu muhimu, na kuhakikisha kwamba mtambo ukikwama bado kuna anayeweza kuandika risiti kwa mkono, kuongoza mashua kwa nyota na kumhudumia mgonjwa bila skrini.

Mji uliozihesabu siku zake kwa kalenda tatu haupaswi kuitishwa na tarakimu. Haupaswi pia kujidanganya kwamba mashua haihitaji tena kukalafatiwa kwa kuwa haikuzama safari iliyopita.